Banda la tomati nyuma ya nyumba: tuanze na udongo



Kila mwaka, mwezi wa kwanza ukifika, tomati nzuri hupotea sokoni Likasi. Zinazobaki zinauzwa moja-moja, na nyingine zina doa jeusi ubavuni. Si kwamba hatukupanda. Tulipanda, lakini mvua ya kwetu ikishika mwezi wa kumi na moja haituachi mpaka mwezi wa tatu au wa nne. Majani yanashinda na kulala na maji, ukungu unaingia, na kwa siku chache mstari mzima unakuwa kama umepitiwa na moto. Maagronomu huuita ugonjwa huo mildiu. Dawa zake zipo, ila ni ghali, na kila mvua kubwa inaziosha.

Dawa iliyo rahisi zaidi ni paa. Mmea ambao majani yake ni makavu hauugui upesi. Ndiyo maana wakulima wenye mali hujenga sere, yaani banda la plastiki la kulimia ndani. Sisi hatuna mali hiyo, lakini banda dogo la miti na plastiki linaweza kusimama nyuma ya nyumba yoyote, na wamama wanne wakisaidiana wanalimaliza kwa siku mbili. Nitaeleza namna ya kulijenga. Lakini kwetu huku, kabla ya kununua plastiki, kuna jambo moja la kutazama, na watu wa miji mingine hawahitaji kulifikiria sana kama sisi.

Kwa nini udongo kwanza

Sote tunajua tunakaa juu ya nini. Uranium ya Shinkolobwe ilionekana mwaka 1915, na sehemu kubwa ya uranium ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945 ilitoka hapa. Mgodi ulifungwa, kisha wachimbaji wa mikono wakarudi kutafuta kobalti. Januari 2004 Rais Joseph Kabila alitoa amri ya kuufunga. Julai ya mwaka huohuo shimo liliporomoka na watu wasiopungua 8 wakafa. Baadaye wakaaji wakahamishwa. Hiyo ni historia. Jambo linalotugusa jikoni ni hili: uchimbaji na viwanda vya shaba na kobalti, vya Likasi na vya mahali pengine Katanga, vimeacha vumbi na mabaki katika udongo, na mboga hula kutoka udongo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo wa watu wa Katanga, na mwaka 2009 wakatangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda wana kobalti nyingi mwilini kuliko wale wa mbali. Mwaka 2014 walieleza njia inayopitia. Kwa watu wazima, sehemu kubwa inaingia kwa chakula kinacholimwa hapahapa, hasa mboga. Kwa watoto, inaingia pia kwa vumbi wanalopeleka mdomoni na mikono yao.

Kwa hiyo paa linaweza kuzuia mvua, lakini haliwezi kusafisha udongo. Mama akijenga banda zuri juu ya udongo mbaya, atavuna mboga nyingi zaidi za udongo uleule. Hiyo si faida. Ndiyo sababu katika banda ninaloeleza hatupandi chini. Tunapanda katika magunia, tukijaza udongo tuliouchagua sisi wenyewe. Bustani za magunia si jambo geni: Kibera, Nairobi, shirika la Solidarités lilianza kuzieneza mwaka 2008, na maelfu ya familia zisizo na shamba wakala mboga zao.

Udongo wa kukataa na udongo wa kuchukua

Usichukue udongo mahali penye vijiwe vya kijani, yaani malakiti. Usichukue kwenye uwazi ambao miti ya pori haitaki kuota, hata mvua ikiwa nyingi. Mara nyingi shaba ndiyo inayoikataza. Wazee wanalijua lile ua dogo la zambarau linalopenda vilima vya shaba. Wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense, na watafuta madini walilitumia kama alama. Ukiliona, ondoka na ndoo yako. Usichukue tope la kando ya mto unaopita chini ya kiwanda au mahali pa kuoshea madini. Usichukue mchanga laini wa mabaki ya kiwanda, hata kama unapendeza kwa ujenzi. Na kichuguu, ambacho tunakisifu kwa rutuba, kichukuliwe tu mahali pasipo madini, kwa sababu mchwa hupandisha juu kilicho chini.

Uchukue wapi? Kwenye shamba la zamani au pori lenye miti mirefu, mbali na migodi, mbali na barabara ya malori, upande ambao upepo wa kipwa hauleti vumbi la machimbo. Ulizeni wazee kama hapakuwahi kuchimbwa. Alama hizi zinasaidia kukataa udongo mbaya, lakini hazithibitishi kwamba udongo ni safi; uranium haina rangi ya kuonekana udongoni wala harufu. Kupima ni kazi ya maabara. Kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kimechunguza udongo wa migodi kwa miaka mingi, na barua ya chama ina uzito kuliko ya mama mmoja. Tukichagua mahali pamoja pa kuchota, sampuli chache zitatutosha sote.

Onyo jingine: mbao, vyuma, mabati na mapipa yaliyotoka machimboni yasiingie bustanini, hata yakitolewa bure.

Vitu vya kutafuta

Banda letu lina urefu wa mita 4 na upana wa mita 2 na nusu. Sitaandika bei, kwa sababu franka hubadilika kabla karatasi hii haijawafikia. Vinavyotakiwa ni hivi:

– Nguzo 6 za eukaliptasi: 3 za mita 2.80 na 3 za mita 2.30.
– Miti myembamba au mianzi: 3 ya mita 4.60 kwa urefu wa paa, na 5 ya mita 3.40 kwa upana.
– Plastiki nzito inayopitisha mwanga, mita 5 kwa 4, kipande kimoja.
– Kamba ya nailoni, misumari, na mpira wa ndani wa kinga mzee.
– Magunia 16 yaliyobeba unga, mchele au mahindi. Ya mbolea ya chumvi na ya sima tuyaache.
– Wavu wa kuzuia wadudu, ukipatikana. Chandarua ambacho mtoto analalia hakitolewi kitandani. Malaria inaua kuliko mildiu.

Plastiki ndiyo inayokula pesa. Ile nyepesi ya kufunikia mizigo ni rahisi, lakini jua la kwetu huipasua kwa msimu mmoja. Ile iliyotengenezwa kwa kilimo, ambayo unene wake ni mikroni 200, hudumu miaka kadhaa. Nunueni moja nzuri kwa likelemba kuliko kununua mbovu kila mwaka. Kila mwezi likelemba inalipia plastiki ya mama mmoja, na miti kila mtu anaitafuta mwenyewe.

Kujenga

Chagua mahali penye jua toka asubuhi, mbali na choo na mbali na mti mkubwa. Upepo wa kipwa kwetu hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki. Elekeza upande mfupi wa banda huko, usije ukabeba plastiki yote.

Choma kwa moto sehemu ya chini ya kila nguzo mpaka iwe nyeusi nje, ili mchwa asiipende haraka. Usipake mafuta machafu ya gari. Chimba mashimo ya sentimita 50. Nguzo ndefu 3 zinasimama upande mmoja, fupi 3 upande wa pili. Juu ya ardhi utapata mita 2.30 na mita 1.80, na mteremko huo unatosha maji kukimbia. Funga miti ya urefu, mmoja juu ya kila mstari wa nguzo na mmoja katikati, kisha miti 5 ya upana, ikitokeza kidogo nje kila upande. Lainisha kila ncha inayoweza kutoboa. Vuta kamba kati ya miti, ili plastiki isifanye tumbo na kukusanya maji.

Tandika plastiki asubuhi, wakati hakuna upepo. Zungushia kingo zake kwenye mti na upigilie misumari, ukiweka kipande cha mpira wa kinga chini ya kila kichwa cha msumari. Bila mpira huo plastiki inapasukia hapo.

Kuta ziwe wazi, au zifungwe kwa wavu tu. Watu wa nchi za baridi hufunga banda lao lote kwa sababu wanatafuta joto. Sisi joto tunalo. Banda lililofungwa saa sita mchana linakuwa tanuru, na joto likipita digrii 35 maua ya tomati huanguka. Ni mwezi wa sita na wa saba tu, usiku wa baridi, ndipo tunateremsha magunia au plastiki za kando, na asubuhi tunazipandisha.

Kujaza magunia na kupanda

Kunja gunia mpaka nusu, lichukue litri 30 hivi. Kwa magunia 16 unahitaji ndoo 24 za litri 20: ndoo 12 za udongo, 8 za mboji iliyooza vizuri na 4 za mchanga safi. Ni kazi ya puspusi mbili tatu. Ongeza konzi moja ya chokaa ya kilimo kwa kila gunia. Kwa bahati jiwe la chokaa tunalo Kakontwe, hapa Likasi. Chokaa na mboji hupunguza uchachu wa udongo na kuzuia sehemu ya shaba na kobalti isipande kwenye mmea. Lakini zinasaidia udongo ulio mzuri. Haziutakasi udongo wa mgodi. Toboa matundu chini, weka gunia juu ya matofali au mbao, lisigusane na ardhi. Mstari mmoja wa magunia 8 kila upande, na njia katikati.

Panda mbegu mwezi wa kumi kwenye kisanduku. Baada ya wiki 4 au 5 hamisha mche mmoja kwa kila gunia. Ufunge kwa kamba inayoning'inia toka paani, ung'oe vichipukizi vya kwapani. Mwagilia chini, kwenye shina, usimwagie majani kamwe. Mimea 16 ikikua hunywa kama litri 30 kwa siku, yaani bidoni moja na nusu. Darasa langu tulilifanya hili kuwa somo la hesabu: paa la mita 4.60 kwa 3.30 ni karibu mita 15 za mraba, na mvua ya milimita 10 juu yake inatoa litri 150. Weka mfereji wa mwanzi upande wa chini, upeleke maji kwenye pipa lililobeba mafuta ya kula. Yale ya kwanza, yenye vumbi, yamwage nje ya bustani.

Ukitunza vizuri, kila mmea unaweza kukupa kilo 2 au 3, wakati ule ambao sokoni tomati inauzwa moja-moja.

Je, lenga-lenga na shu? Zinakubali gunia vizuri sana. Lakini mboga za majani hubeba madini kuliko matunda kama tomati, pilipili na biringani. Kama bado una shaka na udongo wako, anza na za matunda. Na kwa kuwa chini ya paa mvua haioshi vumbi, kila kitu kioshwe kwa maji safi mara tatu kabla ya sufuria. Watoto wanaotusaidia kujaza magunia wanawe mikono kabla ya kugusa chakula.

Kazi ya chama

Likasi ilikuwa mmoja wa miji 5 ya nchi yetu iliyosaidiwa na mradi wa FAO wa bustani za mijini, ulioanza mwaka 2000 kwa pesa za Ubelgiji. Kwa hiyo kati yetu wapo wanaojua kulima mjini vizuri kuliko mimi mwalimu. Naomba watusaidie katika mambo mawili kabla ya mwezi wa kumi. La kwanza, kila kikundi kitaje mahali kinapochota au kinapotaka kuchota udongo, na wazee waseme wanachokijua juu ya mahali hapo. La pili, katibu aandike barua ya kuomba kupimiwa, nasi tuanzishe likelemba ya plastiki wakati majibu yanangojewa.

Nguzo zinaweza kukatwa tangu leo. Magunia yabaki matupu mpaka tukubaliane juu ya udongo.