Kanda za Muziki Zisiozee Makabatini

Wahenga walisema akiba haiozi. Kauli hiyo ni ya kweli kwa mambo mengi, bali si kwa kanda ya sauti. Kanda iliyofungiwa kabatini miaka 40 huota ukungu na kugandamana, na siku ya kuipiga hukatika. Hapo akiba imeoza, na sauti iliyokuwamo huenda isipatikane tena popote.

Twayasema haya kwa ajili ya wananchi wa Shinyanga, Kahama na Geita, pamoja na ndugu zetu wa visiwa vya Kome, Maisome na Ukerewe, ambao wazee wao walikuwa wapenzi wa dansi katika miaka ya 1960 na 1970. Ndiyo miaka ambayo majirani zetu wa Tabora walijivunia Tabora Jazz na mtindo wake wa Segere Matata, na wa Musoma wakajivunia Mara Jazz na Sensera. Jina la "jazz" lilitoka Marekani. Muziki wenyewe ulikuwa rumba iliyopata uraia wa nyumbani.

Santuri za bendi hizo zingaliko mikononi mwa watu. Lakini santuri haikubeba yote. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzitengeneza. Bendi zilitegemea Nairobi, na mpaka ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo ikawa finyu. Tena santuri ndogo ilichukua dakika chache tu kila upande. Ukumbini wimbo haukupimwa kwa saa. Beti zikiisha liliingia chemko: waimbaji hunyamaza, magitaa na saksafoni huachiwa uwanja, na kila mpigaji hubuni papo hapo kadiri wachezaji wanavyopandwa na mori. Chemko la usiku mmoja halikurudiwa usiku mwingine. Likibahatika kunaswa, lilinaswa na kanda ya shabiki aliyekwenda dansini na tepurekoda yake.

Kwa hiyo kanda moja ya mzee wa Kome yaweza kuwa nakala pekee. Hata hivyo, wenye kanda kama hizo huona salama kuzificha. Hatuwalaumu. Aliyewahi kuazima santuri isirudi, hahitaji kufundishwa tahadhari. Lakini kuficha si kuhifadhi.

Wapenzi wa jazi huru, mtindo uliopata jina kwa santuri ya Ornette Coleman ya mwaka 1961, wamezoea kubadilishana kanda za maonyesho ya ukumbini. Kanda asili hubaki kwa mwenyewe; inayosafiri ni nakala. Kanda ya mmoja ikikatika, sauti yake ingali hai kwa mwenzake. Hilo nasi twaliweza, maana leo nakala haihitaji hata kanda nyingine.

Nani wa kuanza? Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi ngoma zetu, zikiwamo za Wasukuma. Sauti hizo zimehifadhiwa Afrika Kusini, zikiwa na orodha na tarehe. Mgeni aliweka daftari. Sisi wenye mali tunangoja nini? Mali bila daftari huisha bila habari.

Twawaomba maofisa utamaduni wa wilaya wafanye mambo matatu. Kwanza, waandikishe santuri na kanda zilizomo mikononi mwa wananchi. Pili, wasaidie kuzinakili mbele ya mwenyewe, aondoke nazo siku hiyo hiyo. Tatu, wahakikishe hakuna anayeuza nakala hizo kwa siri, kwani wanamuziki na warithi wao wana haki chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 1999.

Almasi ya Mwadui na dhahabu ya Geita zaweza kungoja ardhini miaka elfu bila kuharibika. Kanda haina subira hiyo, wala wazee wanaojua nani alipiga gitaa usiku ule hawatangoja milele. Kazi hii ianze sasa.