Je, Wajua? Jina Lililo Nyuma ya Savio

Je, wajua kwamba Savio, timu ya Ligi ya Kikapu Mkoa wa Dar es Salaam (BDL), imebeba jina la mtoto? Dominic Savio, mwanafunzi wa padri Don Bosco huko Italia, alifariki mwaka 1857 akiwa na miaka 14. Hadi leo vijana wanadundisha mpira kwenye viwanja vyenye jina la Don Bosco, jezi zikiwaganda kwa joto la Upanga, jijini Dar es Salaam.

Kwenye ligi hiyo wapo pia Ukonga Kings, na mwenye nauli ya daladala asikose mechi zao. Mchezaji Hasheem Thabeet naye, chaguo la pili la NBA mwaka 2009, alianza kucheza kikapu jijini humu humu.