Maji waweza mwenyewe, gesi mwite fundi

Koki inapoanza kudondosha maji usiku mjini Mombasa au Dar es Salaam, asubuhi yake huitwa fundi wa mtaa, naye huja na spana zake na kuimaliza kazi kabla ya chai ya saa nne. Mzungumzaji wa Kiswahili aliyehamia London, Leicester au Birmingham hugundua upesi kwamba huko mambo ni tofauti. Fundi hupatikana kwa miadi, hutoza kwa saa, na wengine hudai malipo kwa kufika tu mlangoni. Ndipo wengi wanapoamua kununua spana na kujaribu wenyewe.

Kwa upande wa maji, uamuzi huo mara nyingi ni wa busara. Kwa upande wa gesi ni jambo jingine kabisa, na sheria za Uingereza zimeweka mpaka kati ya kazi hizo mbili. Tatizo ni kwamba mpaka huo si rahisi kuuona kwa macho. Katika nyumba nyingi bomba la maji na bomba la gesi hufanana: yote mawili ni ya shaba, yana upana wa milimita 15 au 22, na hupita pamoja chini ya mbao za sakafu. Katika boila, yaani mtambo unaopasha moto maji ya kuogea na yale ya kutia vyumba joto, maji na gesi huingia katika sanduku moja.

Pa kufungia maji

Kabla ya kugusa nati yoyote, mkaazi wa nyumba anapaswa kujua ilipo koki kuu ya maji. Katika nyumba nyingi za Uingereza huwa chini ya sinki la jikoni. Kwingineko huwa karibu na mlango wa mbele au ndani ya kabati lililo chini ya ngazi. Hufungwa kwa kuzungushwa kufuata mwelekeo wa mishale ya saa. Koki ambayo haijaguswa kwa miaka kumi huganda, na mwenye kuilazimisha kwa nguvu huenda akaivunja na kujikuta na balaa kubwa kuliko lile alilotaka kulitibu. Kwa hiyo inashauriwa kuifunga na kuifungua mara mbili kwa mwaka, na baada ya kuifungua yote kuirudisha nyuma nusu mzunguko ili isikwame. Nyumba nyingi zina koki nyingine nje, chini ya kifuniko kilichopo kando ya barabara.

Hitilafu iliyo ya kawaida kuliko zote ni koki inayodondosha. Katika koki za zamani chanzo chake huwa kipira kidogo cha duara kilichochakaa, ambacho mafundi hukiita washa. Kukibadilisha ni kazi ya nusu saa. Maji hufungwa, kisha koki hufunguliwa ili maji yaliyobaki ndani yaishe. Tundu la sinki huzibwa, kwani skrubu ndogo hupenda kutumbukia humo. Kishikio hutolewa, kisha sehemu ya ndani hufunguliwa kwa spana huku mkono wa pili ukiishika koki yenyewe isizunguke, vinginevyo sinki la kauri laweza kupata ufa. Kipira kipya kwa kawaida huwa cha nusu inchi kwa koki ya sinki na robo tatu ya inchi kwa koki ya bafu. Koki za kisasa zinazofunguka kwa robo mzunguko hazina kipira hicho, bali zina visahani vya kauri. Hizo hubadilishwa moyo wake wote, na ni vyema kuupeleka ule wa zamani dukani ili upatikane unaolingana nao.

Kosa la wanaoanza si kulegeza, ni kukaza kupita kiasi. Kiungo cha bomba la shaba huwa na nati na pete ndogo ambayo nati huibana juu ya bomba. Hukazwa kwanza kwa vidole, kisha kwa spana takriban mzunguko mmoja, basi. Anayeendelea kukaza kwa kudhani kwamba anajihakikishia usalama huiumbua pete, na maji huanza kuvuja pale pale alipotaka yasivuje.

Wakati wa baridi kali hatari huwa nyingine. Maji yanapoganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na bomba la shaba haliwezi kuhimili hilo. Bomba lililoganda huyeyushwa taratibu kuanzia upande wa koki, kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto au kwa mashine ya kukaushia nywele, kamwe si kwa moto wa wazi. Wengi hawagundui kwamba bomba limepasuka hadi barafu inapoyeyuka, na maji huanza kumwagika wakati hakuna mtu nyumbani.

Hata katika maji, hata hivyo, kuna jambo moja linalowagusa hasa Waislamu na watu wa pwani. Wengi hupenda kuweka chooni mpira wenye kichwa cha kunyunyizia kwa ajili ya kustanji, kama ilivyo kawaida Muscat, Dubai na Zanzibar. Kanuni za mwaka 1999 zinazohusu vifaa vya maji nchini England na Wales hutazama kifaa hicho kwa makini. Mpira huo ukiangukia ndani ya choo, na mgandamizo wa maji ukashuka katika bomba la mtaa, maji machafu yaweza kufyonzwa na kurudi katika maji ya kunywa. Kwa sababu hiyo kampuni ya maji hutakiwa kuarifiwa kwanza, na kifaa kiunganishwe kwa njia isiyoruhusu maji kurudi nyuma. Vifaa vinavyouzwa kwa bei nafuu vya kujifungia mwenyewe mara nyingi havitimizi sharti hilo.

Nati moja ya shaba

Alfajiri ya tarehe 16 Mei 1968, mwanamke mmoja aliyeishi ghorofa ya 18 katika jengo la Ronan Point, eneo la Newham mashariki mwa London, aliwasha kiberiti ili ateleke maji ya chai. Gesi ilikuwa imejaa jikoni bila ya yeye kujua. Mlipuko ulisukuma nje kuta za chumba, na kona nzima ya jengo hilo la ghorofa 22 ikaporomoka kuanzia juu hadi chini. Watu 4 walifariki dunia na 17 walijeruhiwa. Mwanamke huyo alinusurika. Jengo lilikuwa na umri wa miezi miwili tu.

Uchunguzi wa serikali uliulaumu mno ujenzi wenyewe, na kanuni za ujenzi zikabadilishwa baadaye. Lakini kilichouanzisha msiba kilikuwa ni nati moja ya shaba iliyounganisha jiko na bomba la gesi. Nati hiyo haikuwa ya kiwango kinachotakiwa, nayo ilipasuka.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya maji na gesi. Kiungo cha maji kilichofungwa vibaya hujitangaza chenyewe: sakafu hulowa, dari hufanya madoa. Kiungo cha gesi kilichofungwa vibaya chaweza kunyamaza kwa wiki kadhaa. Gesi asilia haina rangi wala harufu. Ile harufu inayojulikana hutiwa makusudi na kampuni. Sababu ya tahadhari hiyo ilionekana wazi Marekani tarehe 18 Machi 1937, pale shule ya New London, katika jimbo la Texas, ilipolipuka na kuua karibu watu 300, wengi wao watoto. Ili kupunguza gharama, wakuu wa shule waliacha kununua gesi kwa mkataba, wakaunganisha bomba lao na bomba la mabaki ya gesi kutoka visima vya mafuta. Gesi hiyo isiyo na harufu ilivuja na kujikusanya chini ya jengo bila mtu kuihisi. Baada ya msiba huo Texas ililazimisha gesi itiwe harufu.

Gesi asilia hulipuka inapofikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa iliyomo chumbani. Ndiyo maana fundi wa gesi, akishamaliza kazi, hategemei pua yake. Huifunga gesi kwenye mita, huunganisha kipimo cha mgandamizo, na kukitazama kwa dakika kadhaa ili kuona kama kinashuka. Mwenye nyumba aliyejifunza kwa kutazama picha za video hana kipimo hicho, na akiwa nacho, hajui akisome vipi.

Kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998 zinasema hakuna mtu anayeruhusiwa kufanya kazi ya gesi bila kuwa na ujuzi unaostahili, na anayeifanya kama biashara lazima awe ameandikishwa. Tangu tarehe 1 Aprili 2009 daftari la mafundi hao nchini England, Scotland na Wales huitwa Gas Safe Register. Kila fundi hubeba kitambulisho chenye picha na tarehe ya kumalizika. Nyuma ya kitambulisho zimeandikwa aina za kazi alizohitimu, na hapo ndipo pa kupatazama vizuri, kwani aliyehitimu majiko huenda hakuhitimu maboila. "Ndugu yetu anayejua" hahesabiwi, hata awe alifanya kazi hiyo miaka ishirini huko alikotoka.

Mpangaji naye ana haki ambayo wageni wengi hawaijui. Mwenye nyumba analazimika kuvikaguza vifaa vyake vya gesi kila baada ya miezi 12, na kumpa mpangaji nakala ya hati ya ukaguzi katika muda wa siku 28. Anayehamia hupewa hati hiyo kabla ya kuingia.

Mtungi na hewa isiyonuka

Mazoea ya nyumbani huchangia hatari hii. Afrika Mashariki na Oman familia nyingi hupikia gesi ya mtungi, na kila mtu mzima hujua kubadilisha mtungi na kupaka povu la sabuni kwenye kiungo ili kuona kama kunatoka mapovu. Kwa mtungi hiyo ni desturi njema. Lakini gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni, ilhali gesi asilia ya bomba ni nyepesi na hupanda darini. Tena mtungi huisha. Bomba la mtaa haliishi.

Kuna pia kaboni monoksaidi, hewa inayotokea pale gesi, kuni au makaa yanapoungua bila oksijeni ya kutosha. Haina harufu yoyote, na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Anayeivuta huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ni mafua, lakini hana homa na hupata nafuu anapotoka nje. Moto wa jiko wenye rangi ya manjano badala ya buluu, au masizi kando ya boila, ni dalili mbaya. Kuziba matundu ya hewa ukutani ili baridi isiingie, jambo linalofanywa na wageni wengi katika majira yao ya kwanza ya baridi, huongeza hatari hiyo. Kuingiza jiko la makaa ndani ya chumba ni hatari zaidi.

Anayenusa gesi hapaswi kuwasha wala kuzima taa, kwani swichi hutoa cheche. Hufungua milango na madirisha, huifunga gesi kwenye mita kwa kukigeuza kishikio hadi kikate bomba kama msalaba, huwatoa watu wote nje, na huko nje ndiko hupiga simu nambari 0800 111 999, bila malipo, saa yoyote. Mtumishi anayetumwa huja kuondoa hatari, si kutengeneza. Mara nyingi huikata gesi na kuondoka, na familia hukaa bila jiko wala joto mpaka fundi aliyeandikishwa apatikane.