Sarufi ya Kicheko: Tamthilia za Wanafunzi wa Alliance katika Miaka ya 1950

Historia ya tamthilia ya Kiswahili aghalabu husimuliwa kuanzia Ebrahim Hussein, na hasa kuanzia Kinjeketile (1969). Yaliyotangulia hutajwa kwa sentensi moja au mbili, yakaitwa michezo ya shule, kisha msomaji akapitishwa haraka. Katika makala haya mafupi nakusudia kuonyesha kuwa haraka hiyo imetupotezea jambo: wanafunzi wa sekondari waliotunga michezo ya kuchekesha walikuwa wakifanya kazi ya lugha iliyo nzito kuliko inavyodhaniwa.

Mahali penyewe ni Shule ya Alliance, iliyoanzishwa Kikuyu mwaka 1926 na kuongozwa na Carey Francis tangu 1940 hadi 1962. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, na kila mwaka wanafunzi waliigiza Shakespeare. Ngugi wa Thiong'o, aliyesoma huko tangu 1955 hadi 1958, ameyaeleza hayo katika Decolonising the Mind (1986). Hata hivyo, katika muongo huo huo, nchi ikiwa chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, walitokea humo wanafunzi waliotunga kwa Kiswahili: Henry Kuria na Nakupenda, Lakini..., Kimani Nyoike na Maisha ni Nini, Gerishon Ngugi na Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi, na B. M. Kurutu na Atakiwa na Polisi. Michezo hiyo haikuishia ukumbini mwa shule, bali ilipelekwa hata Nakuru, katika ukumbi wa Menengai. Yafaa kukiri pia mchango wa Graham Hyslop, Mwingereza aliyesimamia muziki na drama katika serikali ya kikoloni, ambaye mwenyewe alitunga vichekesho vifupi vya Kiswahili, Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu.

Sasa na tuyatazame majina ya tamthilia hizo nne. Jina si tamthilia nzima, lakini ni ahadi ya mtunzi kwa hadhira yake. Jambo la kwanza linalodhihirika ni kwamba yote manne ni kauli za msemaji. Hakuna hata moja lililo nomino tupu.

Katika Nakupenda, Lakini... kiunganishi kimeachwa kikining'inia. Kisarufi, "lakini" hudai kishazi kingine kifuate. Mtunzi amekinyima, na hadhira imeachiwa deni la kukitafuta. Kila asikiaye ana sababu yake: mahari, wazazi, kabila, umaskini. Kicheko hukaa katika pengo hilo.

Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi ni hodari zaidi. Kiambishi -me- chatuambia kwamba jambo limekwisha kutendeka, wala halina dawa. Kauli ni ya kutendwa, na mtenda hakutajwa. Kwa hiyo msemaji amejiondolea lawama zote. Kisha yaja dhamira tegemezi kanushi, "nisiwe", ambayo yaonyesha kusudi. Basi mtu asiye na jina amepewa nia! Shutuma imekamilika bila mshitakiwa. Mtu anayejitetea namna hii huchekesha hata kabla ya kupanda jukwaani.

Atakiwa na Polisi yaligeuza jambo hilo juu chini. Hapa mtenda ametajwa waziwazi, bali anayetakiwa amebaki a- tu, katika umbo la kitenzi tulilolizoea katika vichwa vya habari za magazeti. Nani? Kila mmoja ukumbini aweza kumtazama jirani yake. Ama Maisha ni Nini, hilo ni swali la wanafalsafa katika sentensi fupi mno. Uzito au wepesi wake wategemea kinywa kitakacholisema.

Pengine msomaji atauliza: yana faida gani haya? Faida yake ni hii. Tanzia yaweza kufuatwa hata na asiyeielewa lugha vizuri, kwa kuwa kifo na kilio huonekana kwa macho. Mzaha uliojengwa juu ya kiambishi hufa papo hapo ikiwa ukumbi haukijui kiambishi hicho. Watunzi wetu, ambao Kiswahili hakikuwa lugha yao ya mama, waliuamini ukumbi wa Nakuru, mji uliokusanya wafanyakazi wa makabila mengi, kwamba ungecheka. Kuthubutu huko kulikuwa hukumu juu ya Kiswahili: kwamba tayari kilikuwa mali ya watu wa bara, tena si kwa amri na mauzo tu, bali hata kwa utani.

Tunaweza kuyajadili haya leo kwa sababu East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilichapisha kazi kama ya Kuria (1957) na ya Gerishon Ngugi (1961). Vichekesho vya Kiswahili vinavyoigizwa kila mwaka katika tamasha za drama za shule zetu, vingi havina bahati hiyo. Waamuzi wakishatoa alama, mswada hurudi mkobani mwa mwalimu, na mwalimu akihamishwa, huhama nao. Idara zetu za lugha zingeweza kuomba nakala moja ya kila mswada na kuihifadhi. Tusipofanya hivyo, mtafiti wa kesho atajua kwamba wanafunzi hawa walichekesha, asijue walichekesha kwa maneno gani.