Ushauri wa Kufuga Sungura: Tuupime Kabla ya Kuufuata



Ufugaji wa sungura ni shughuli inayomfaa mwanachama mwenye eneo dogo na mtaji mdogo. Banda lake hujengwa nyuma ya nyumba, na majani hupatikana kando ya shamba. Lakini pamoja na sungura huja ushauri wa kila namna: kwa jirani, kwa muuza dawa, kwa mfanyabiashara wa mbegu, na siku hizi kwa simu ya mkononi. Mara nyingi katibu ndiye anayeulizwa kama ushauri huo ni wa kweli, na jibu lake huchukuliwa kuwa ni neno la chama.

Katika chama kimoja cha msingi, sungura wa kikundi cha wanachama walianza kupiga chafya. Ndugu mmoja, mfugaji hodari wa kuku, aliwaeleza wachanganye amoksilini katika maji ya kunywa, kwani kuku wake walipona kwa dawa hiyo. Katibu alilisoma shauri hilo mkutanoni bila kuliuliza kwa mtaalamu. Haikupita wiki mbili sungura wakaanza kuhara, wakafa mmoja baada ya mwingine, na fedha zilizotarajiwa kulipia ada za shule zikapotea. Ndugu yule hakusema uongo. Aliyoyasema yalikuwa kweli kwa kuku.

Ili tusirudie kosa hilo, yafuatayo ni maswali matano ambayo kila ushauri hauna budi kuulizwa.

1. Je, unamhusu sungura mwenyewe?

Sungura si kuku, wala si mbuzi mdogo. Majani anayokula huchachushwa na vijidudu vyema vilivyomo katika sehemu ya nyuma ya utumbo wake. Dawa za jamii ya penisilini, kama vile ampisilini na amoksilini, zikipitia kinywani huviua vijidudu hivyo. Vibaya hubaki, huongezeka na kutoa sumu. Tena sungura hana uwezo wa kutapika, kwa hiyo alichokwisha kumeza hakirudi. Hali kadhalika fipronili, ambayo hutumiwa kuua viroboto wa mbwa, yaweza kumwua sungura.

Kwa sababu hiyo hiyo tusimsikilize anayesema kwamba sungura anayekula kinyesi chake laini ni mgonjwa na azuiwe. Hiyo ndiyo tabia yake ya asili, nayo humrudishia protini na vitamini.

2. Je, sababu yake imeelezwa?

Wapo wasemao kwamba sungura hanywi maji, na kwamba majani yanamtosha. Waulizwe kwa nini. Aghalabu watajibu kwamba ndivyo walivyowakuta wazee wakifanya. Ukweli ni kwamba sungura huhitaji kila siku mililita 50 hadi 150 za maji kwa kila kilo ya uzito wake. Sungura wa kilo 3, basi, huhitaji kati ya nusu chupa ya soda na chupa moja na nusu, na mama anyonyeshaye huhitaji zaidi.

Hata hivyo, si kila shauri la zamani ni baya. Waliotufundisha kuinua banda juu ya ardhi, kuliweka kivulini na kulifanya kavu walisema kweli, na sababu zake zinajulikana. Mayai ya vimelea vya koksidia hutoka na kinyesi, nayo huhitaji unyevu na joto kabla ya kuweza kuambukiza. Kivuli nacho ni cha lazima, kwa kuwa sungura hatoi jasho la kumpoza, na joto likipita nyuzi 30 huteseka. Dume aweza hata kupoteza uwezo wa kuzalisha kwa muda.

3. Je, una kipimo?

“Mpe dawa kidogo” si ushauri. Ushauri wa dawa lazima utaje uzito wa mnyama, kiasi, mara ngapi kwa siku, siku ngapi, na ni siku ngapi zipite kabla ya kumchinja kwa chakula. Vivyo hivyo kwa lishe. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, naye huyapunguza kwa kutafuna. Kwa hiyo ushauri mwema utasema kwamba nyasi na majani makavu ndiyo chakula kikuu, kisha utaeleza pumba ziwe kiasi gani.

4. Je, nani anafaidika?

Mwenye kuuza mbegu aweza kuahidi kwamba jike mmoja atazaa mara 12 kwa mwaka. Katibu achukue kalamu. Mimba ya sungura ni siku 31 hivi. Mara 12 ni siku 372, na mwaka mzima una siku 365. Hapo hatujahesabu hata siku moja ya kupumzika. Jike anayetunzwa kwa busara, akapewa nafasi ya kunyonyesha na kurudisha nguvu, huzaa mara nne hadi sita. Mwanachama asikope kwa hesabu ya mara 12.

5. Je, ni wa lini, na una mpaka?

Maarifa huongezeka. Ugonjwa mkali wa virusi unaowatoa sungura damu na kuwaua ghafla ulitambuliwa China mwaka 1984, na aina yake ya pili Ufaransa mwaka 2010. Kijitabu kilichochapwa kabla ya miaka hiyo hakiwezi kuutaja, hata kama mengine yote yaliyomo ni sahihi. Zaidi ya hayo, mshauri mwema husema mahali ujuzi wake unapokoma. Sungura akikaa nusu siku bila kula wala kutoa kinyesi, hilo si jambo la kungoja kesho. Aitwe Bwana Mifugo.

Wajibu wa Katibu

Tunapendekeza kila chama kiwe na daftari la ushauri. Ndani yake yaandikwe: shauri lenyewe, jina la aliyelitoa, tarehe, lilijaribiwa kwa sungura wangapi, na matokeo. Shauri jipya la lishe au banda lijaribiwe kwanza kwa sungura wawili au watatu. Shauri la dawa lisijaribiwe kabisa kabla ya kuulizwa kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa au Bwana Mifugo wa kata.

Tena katibu asione haya kusema mkutanoni, “Hili sijalijua, nitauliza.” Laiti maneno hayo yangalisemwa katika kile chama tulichokitaja, pengine wanachama wale wangalikuwa na sungura wao hadi leo.