Bunduki Ipi, Mikononi mwa Nani?

Wako vijana ambao wakiingia kutazama sinema ya vita hawaangalii nyuso za waigizaji wala hawasikilizi maneno yao. Macho yao yako kwenye bunduki. Mtutu ukitokeza tu, wamekwisha kutaja ni wa taifa gani na wa mwaka gani, na wakigundua kosa hufurahi kama mtu aliyeokota fedha njiani. Watu wazima huwacheka. Nami nilikuwa miongoni mwa wachekaji hao, hata nilipoitazama kwa makini sinema iitwayo Zulu, iliyotolewa mwaka 1964 na kuongozwa na Cy Endfield.

Sinema hiyo yaeleza vita vya Rorke's Drift, katika Afrika Kusini, vilivyopiganwa tarehe 22 na 23 Januari, 1879. Mchana wa siku ile ya kwanza majeshi ya Mfalme Cetshwayo yalikuwa yamelivunja jeshi la Waingereza huko Isandlwana, na upande wa Waingereza wakafa watu zaidi ya 1,300. Alasiri vikosi vya akiba vya Wazulu, watu kati ya 3,000 na 4,000, chini ya Dabulamanzi nduguye mfalme, vikavuka mto Buffalo na kukishambulia kituo cha misheni kilicholindwa na askari wapatao 150 tu. Kituo hakikutekwa, na walinzi 11 wakapewa nishani ya Victoria Cross.

Basi tuwape vijana wetu nafasi waseme wanachokiona. Maofisa wawili, Chard na Bromhead, wanaoigizwa na Stanley Baker na Michael Caine, wanapiga bastola ya Webley Mark VI. Mwenye kuijua haimpotei: hukunjuka katikati kama bawaba, na maganda yote ya risasi hutoka kwa mara moja. Ni bastola nzuri, ila iliingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1915, yaani miaka 36 baada ya vita vile! Bastola ya jeshi ya siku zile ilikuwa Adams, ambayo mwili wake haufunguki. Risasi hutiwa moja moja kwa kupitia kijimlango cha ubavuni.

Bunduki za askari wa mbele ni za kweli. Ni Martini-Henry, iliyokubaliwa na jeshi mwaka 1871. Nyuma ya kifyatulio upo wenzo mrefu. Askari auvuta chini, ganda laruka nje, atia risasi nyingine kwa kidole, aurudisha wenzo, alenga. Risasi moja kwa mpigo mmoja, wala hapana akiba ndani. Lakini tazama askari waliosimama nyuma. Baadhi yao wameshika Lee-Enfield, bunduki ya kuvuta na kusukuma chuma mfano wa komeo la mlango, yenye kubeba risasi kadhaa tumboni, na ambayo haikuwako kabla ya mwaka 1895. Mtu hahitaji kuwa fundi wa silaha kuitambua. Atafute kipini cha lile komeo upande wa kulia.

Makosa hayo nayaita makosa ya ghala. Mtengeneza sinema akikosa bunduki za kutosha hujaza safu za nyuma kwa zilizopo, akitumaini kwamba jicho litabaki kwa mchezaji mkubwa. Hata moshi ameupunguza, na hapo mimi simlaumu. Baruti nyeusi ya zamani hutoa wingu zito, na nyuso zilizogharimiwa fedha nyingi zingefichika. Wazee wetu waliokuwa askari wa Mjerumani mwaka 1914, ambao wengi wao walipewa bunduki kuukuu za mwaka 1871, walilijua wingu hilo vyema, kwa kuwa lilimwonyesha adui mahali walipolala.

Kosa kubwa halikutoka ghalani. Katika sinema, Wazulu waliopanda mlima ulio juu ya kituo wanawapiga Waingereza kwa Martini-Henry zilizotekwa Isandlwana, na maofisa wanaona uchungu kupigwa kwa bunduki zao wenyewe. Mtazamaji aondoka akiamini kwamba silaha zilikuwa sawa kwa sawa. La hasha! Ni kweli kwamba karibu bunduki elfu moja zilitekwa siku ile. Lakini zilitwaliwa na vikosi vilivyopigana Isandlwana, navyo havikwenda Rorke's Drift. Waliokwenda ni wale wa akiba, ambao walikuwa wamezunguka nyuma ili kuwafungia Waingereza njia ya kukimbilia, wala hawakuingia kambini kuteka nyara.

Walichokuwa nacho watu hao mlimani ni magobori. Mengine yalikuwa ya gumegume, mengine ya fataki, yote yakijazwa kwa mdomo wa mtutu. Yalikuwa masalio ya majeshi ya Ulaya, yaliyoingizwa kwa maelfu na wachuuzi kwa njia ya bandari ya Delagoa Bay, ambayo leo ni Maputo, na kuuzwa pamoja na baruti hafifu. Ulaya iliyatupa, Mwafrika akayanunua. Hata hivyo magobori hayo yaliua. Baadhi ya walinzi 17 waliopoteza maisha walipigwa kwa risasi, na askari Frederick Hitch alivunjwa bega.

Upande wa pili wa ukuta wa magunia ya mahindi zilikuwako risasi zipatazo 20,000. Kulipopambazuka zilibaki kama 900. Mitutu ilipata moto hata mikono ikaungua. Mbele ya ukuta zikahesabiwa maiti 351 za Wazulu. Mpe Mzulu Martini-Henry katika sinema, na hesabu hiyo yageuka kuwa habari ya ushujaa na nidhamu ya upande mmoja. Mrudishie gobori lake na mkuki wake, na mtazamaji ataanza kuuliza ni ushujaa wa nani hasa uliokwenda mara kwa mara, usiku kucha, mbele ya mitutu ile.

Katika sinema Wazulu wanarudi kileleni asubuhi kuwaimbia adui zao wimbo wa heshima, kisha wanaondoka. Jambo hilo halikutokea. Waliokuwa wamelala uwanjani wakiwa majeruhi waliuawa, nayo kamera haikuwaonyesha.

Picha zilipigwa Natal mwaka 1963, chini ya serikali ya makaburu. Waliovaa koti jekundu la Mwingereza walikuwamo askari 80 wa jeshi la Afrika Kusini. Wazulu waliobeba ngao walikuwa mamia. Sinema ilipokamilika, sheria za ubaguzi ziliwakataza Waafrika wa nchi hiyo kuitazama, isipokuwa maonyesho machache yaliyoruhusiwa kwa ajili ya wale walioigiza.