Tochi ya Polisi: Jina na Utendaji Wake

Dereva atokaye Cimpunda, mtaa wa komini ya Kadutu mjini Bukavu, hana safari ndefu kabla ya kuvuka mto Ruzizi na kuingia Rwanda. Nyumbani amezoea askari wa barabarani aitwaye kwa neno la Kifaransa, roulage. Ng'ambo ya mto hukuta kamera za kupimia mwendo ambazo madereva wameziita Sofia, jina la roboti aliyezuru Kigali mwaka 2019. Akiendelea hadi Tanzania, atasikia neno tochi, yaani chombo cha mkononi ambacho polisi hukielekeza kwenye gari kama mtu amulikaye gizani. Makala haya yanaeleza utendaji wa tochi itumiayo leza, pamoja na mbinu za kuikwepa.

Mwanga wa leza hiyo hauonekani kwa macho. Chombo hutoa mamia ya mapigo ya mwanga kwa muda mfupi, kisha hupima muda ambao kila pigo hutumia kwenda na kurudi. Kwa kuwa mwanga husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, pigo lirudilo baada ya sehemu mbili za milioni za sekunde huonyesha kuwa gari liko umbali wa mita 300. Endapo umbali huo utapungua kwa mita 7.5 katika sehemu tatu za kumi za sekunde, mwendo ni kilomita 90 kwa saa.

Dhidi ya rada, baadhi ya madereva walitumia vinasa mawimbi, kwani mawimbi ya rada hutawanyika na kufika mbali. Mwali wa leza, kinyume chake, huwa na upana wa mita moja hivi katika umbali wa mita 300. Kwa hiyo kinasa kinapolia, mwendo umekwisha kupimwa. Vipo pia vyombo virushavyo mwanga wa kuvuruga kipimo, navyo vimepigwa marufuku katika nchi kadhaa. Mbinu iliyozoeleka Afrika Mashariki haihitaji mtambo wowote: dereva humwonya mwenzake ajaye kwa kuwasha na kuzima taa.

Onyo hilo humwepusha dereva na faini, lakini halimwepushi mwenda kwa miguu na hatari. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4. Askari huweza kusikiliza maelezo. Tochi na Sofia hazisikilizi. Ajali nayo haisikilizi.